Nimefurahi Kukufahamu

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimeenda. Muda wote nasema nitaenda, nitaenda — leo nimeenda! Kikundi cha kusoma pale maktaba, asubuhi, bure, kila mtu karibu. Nimevaa lile gauni la kijani. Dada akaniuliza, unaenda harusini au unaenda kusoma? Nikamwambia naenda kote kuwili.

Viti vimepangwa duara. Msimamizi ni mkutubi, wote wanamwita Bwana Vitabu. Mpole, anaongea kama kuna mtoto kalala chumba cha pili. Kuna fundi viatu wa sokoni, gundi haijatoka vidoleni. Kuna mzee mmoja mstaafu, alikuwa dereva wa malori. Na wengine wawili watatu wa leo wapo kesho hawapo. Nimekaa, nimeweka mkoba mapajani. Mara akaingia — sikuyaamini macho yangu — Bi Kimya!

Bi Kimya wangu. Mama ninayemfanyia kazi. Jina hilo nimempa mimi, kimoyomoyo, maana miaka sita namfulia, nampigia pasi, namfagilia, na maneno aliyowahi kunipa hayajazi kikombe. "Dada, shuka." "Dada, pazia la sebuleni." "Asante dada." Basi. Alikuwa mkubwa wa benki kabla ya kustaafu. Mume alishafariki, watoto wako mbali.

Nikanyanyuka nusu. Mazoea — akiingia yeye, mimi husimama. Akaniona. Akasita pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Bwana Vitabu akasema jamani tusalimiane, tuna mgeni leo. Mgeni ni mimi! Yeye ni mwenyeji pale, kumbe. Wakapita mmoja mmoja kunipa mkono. Alipofika kwangu akasema, "Nimefurahi kukufahamu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: "Na mimi pia, mama."

Mkono wake una joto. Sikuwahi kuushika.

Jumatatu, 6 Mei

Kazini. Hakusema. Sikusema. Nimefua, nimeanika, nimepiga pasi. Wakati wa kuondoka: "Asante dada."

Na kule maktaba nako wote waliniita dada. "Dada, wewe una maoni gani?" Neno ni lile lile! Kule maana yake ni dada. Huku maana yake ni kazi.

Nimemsimulia dada yangu, huyu wa tumbo moja. Amecheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. Akasema paka na panya hawasomi kitabu kimoja. Nikamwambia mimi si panya. Akasema hakuna aliyekuambia wewe ni yupi.

Jumamosi, 11 Mei

Bi Kimya anaongea! Tena anaongea kama bomba lililopasuka. Mikono inaruka, miwani inapanda kichwani, inashuka. Ningejua, ningempa jina lingine.

Leo tulisoma insha. Mwandishi anasema mahali pekee ambapo matajiri na maskini wanakuwa sawa ni kwenye foleni. Wote wanasimama, wote wanaumwa miguu, wote wanamchukia karani yule yule. Bi Kimya ameipenda sana. Amesema foleni ni shule ya jamii, inatufundisha kusubiri zamu. Dereva mstaafu akaunga mkono, akasema barabarani pia ni hivyo, jamu haichagui gari.

Nikasema mimi sikubaliani. Sijui ulimi ulitoka wapi! Nikasema wako watu hawajawahi kupanga foleni, wanatuma mtu awapangie. Mimi mwenyewe nimewapangia watu foleni mpaka nikajulikana. Siku moja nilisimama ofisi ya umeme tangu asubuhi, na bili haikuwa yangu. Sasa nani alijifunza kusubiri — mimi au mwenye bili?

Wakacheka. Fundi Viatu akajipiga kofi gotini, akasema dada umemaliza. Bi Kimya akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shali. Akaifuta, akaifuta.

Maana bili ilikuwa yake.

Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele. Nilipofika kwenye kona ya mwisho, kifua kikarudi ndani.

Jumatano, 15 Mei

Sijala vizuri tangu Jumamosi. Dada anasema ukimbwaga kwa maneno huko, atakubwaga kwa kazi huku. Kweli. Kazi ikienda nitaipata wapi nyingine, kwa umri huu, na magoti haya?

Leo Bi Kimya alisimama mlango wa chumba cha kufulia. Nikajua ndiyo hiyo. Nikashika pasi kama mtu anayeshika kamba. Akasema, "Dada." Nikasema abee mama. Akasema: "Siku ile ya umeme. Ulikula nini mchana?"

Nikamwambia sikula, mama. Foleni ukiiacha imekuacha.

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hayo tu! Nimebaki naliangalia shati mpaka likaanza kunuka moshi. Nimeliwahi.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimeshindwa. Hadithi fupi, kurasa chache tu. Mpishi anafanya kazi kwa bibi mmoja tajiri. Baridi inaingia, bibi anampa mpishi koti lake kuukuu. Mpishi analivaa, majirani wanamcheka: umevaa makombo.

Mimi nikasema yule bibi ana dharau. Angenunua jipya. Nimesema kwa ukali, nikiri. Fundi Viatu akanipa nguvu: tajiri hatoi, anatupa! Dereva akasema hata lori huwa linapewa matairi yaliyochoka.

Bi Kimya akangoja tumalize. Halafu akasema tafadhali rudini nyuma kidogo, pale bibi anapokwenda dirishani. Akasoma polepole. Bibi anajifunika blanketi. Ukurasa unaofuata, bibi anatoka nje amejifunika blanketi lile lile. Akasema: tangu atoe koti, hana koti. Lilikuwa moja. Ule utajiri ulishakwisha, ila hataki mpishi ajue.

Tukafunua kurasa, wote. Ni kweli! Lilikuwepo pale pale na mimi nililipita nikikimbilia hasira yangu.

Nimesoma tena nyumbani. Bado ni kweli. Amenishinda — na nimefurahi kushindwa. Sijui furaha hii inaitwaje. Miaka yote nabishana na dada yangu kuhusu nani kamaliza sabuni. Leo nimebishana na mtu kuhusu blanketi la mtu asiyekuwepo duniani!

Lakini kuna jambo. Paa la maktaba linavuja, mafundi wanaanza Jumatatu. Jumamosi ijayo hakuna pa kukaa. Bwana Vitabu akauliza nani ana nafasi. Bi Kimya, kwa furaha ile ile ya ushindi, akasema kwangu kuna nafasi, njooni wote.

Wote! Neno likamtoka, ndipo akaniangalia. Halafu akaangalia sakafu.

Ijumaa, 24 Mei

Leo nimepiga pasi kitambaa cha meza ambacho kesho nitakinywea chai. Nimefuta kiti ambacho kesho nitakikalia. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Bi Kimya akaja.

"Kesho," akasema.

"Ndiyo mama, kesho."

"Utakuja?"

"Kwa mlango upi, mama?"

Nilitania. Hakucheka. Akasema wa mbele, bila shaka wa mbele. Halafu akasema, "Ila chai..." na hakumalizia. Nikangoja amalizie. Akaenda.

Nimepanga vikombe kwenye sinia, nikavifunika. Hakuna aliyeniambia. Ila chai — ila chai nini? Niandae na kukaa? Niandae na kuondoka? Nisiandae? Dada anasema vaa gauni la kijani na aproni juu, utakuwa tayari kwa lolote.

Jumamosi, 25 Mei

Nianzie wapi.

Mlango wa mbele. Mlinzi wa getini aliponiona akaangua kicheko: leo umepotea siku, umepotea na mlango! Zungukia kule kwako. Nikamkonyeza anyamaze. Haelewi kukonyezwa yule. Akaongeza: au mama kakupandisha cheo? Nikageuka — Fundi Viatu huyo nyuma yangu, viatu vyake viking'aa, kasimama na kitabu kwapani. Amesikia yote.

Tukaketi. Sofa lile nimelifuta vumbi miaka na miaka nikidhani kukaa pale ni kukaa peponi. Gumu! Gumu kama benchi la kituo cha polisi.

Bi Kimya alikuwa amevaa vizuri, anatabasamu, sauti iko juu kidogo. Akasema nitaleta chai. Akaingia jikoni. Tukasikia kabati, kabati jingine, kitu kikaanguka. Kabati tena. Dereva akauliza, mama anapigana na nani huko?

Nikainuka. Nilimkuta kasimama katikati ya jiko lake, makabati yote yako wazi, anatafuta sukari. Nikamwambia iko kushoto, juu. Akanigeukia. Macho yamejaa. Akaninong'oneza: "Rudi ukakae. Tafadhali. Wewe ni mgeni."

Nikamwambia basi tubebe wote, mama. Tukatoka, yeye na sinia, mimi na birika.

Fundi Viatu akasema, mbele ya wote, bila ukali: "Dada, unaijua nyumba hii."

Ningeweza kujibu mimi. Nilikuwa nalitafuta neno. Bi Kimya akaniwahi: "Alishawahi kunitembelea."

Kunitembelea!

Nikaliweka birika mezani. Nikasema, "Namtembelea mama kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Naingilia mlango wa nyuma."

Dereva alianza kucheka. Alidhani ni mzaha. Akatuangalia mmoja mmoja, akaacha, akaanza kukoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari bado. Fundi Viatu akauliza polepole: kwa hiyo mlikuwa mnatuchezea? Wote wawili? Bwana Vitabu akafungua kitabu, akasoma. Sauti yake nzuri. Hakuna aliyesikia hata mstari.

Niliondoka pamoja na wengine. Mlango wa mbele. Vikombe nimeviacha mezani, vichafu. Nimetembea njia nzima vikombe vile viko kichwani.

Jumapili, 26 Mei

Nimeenda kwa Fundi Viatu. Jumapili hafanyi kazi, ila hukaa pale pale kibandani, anasema nyumbani kuna kelele. Nilitaka anielewe. Hakunikaribisha kukaa.

Amesema yule mama hamlaumu. Hajui njia nyingine, ndivyo alivyolelewa. Amesema: "Lakini wewe! Wewe ni wetu. Nilidhani pale tunakaa watu tu, kumbe nyinyi wawili mnaigiza na sisi ndio tunatazama. Nilikushangilia mpaka nikajipiga gotini siku ile ya foleni. Kumbe ulikuwa unamrushia yeye kijembe, na mimi nilidhani unasema na sisi sote."

Iliniuma. Hapo alinipata.

Nikamjibu nikasema, wenu akina nani? Mtaani mimi ni mdogo wa dada yangu. Kazini mimi ni wa kufua. Nilitaka sehemu moja tu ambapo mtu akiniangalia haoni beseni. Na yeye labda alitaka sehemu ambapo mtu akimwangalia haoni nyumba.

Fundi akachukua kiatu cha mtu, akakigeuza, akakirudisha. Akasema: "Mimi je? Gundi hii unaiona? Niliificha?"

Nimerudi nyumbani na swali lile.

Jumatatu, 27 Mei

Nilienda nikijua nafukuzwa. Nilishamwambia hata dada aanze kuulizia.

Mlango wa nyuma uko wazi. Chumba cha kufulia — nguo zimefuliwa! Yaani zimelowekwa na kutiwa sabuni na kuanikwa zikiwa hazijakamuliwa, shuka zinatiririka kama mvua ya masika, shati jeupe limeshika rangi ya soksi. Vikombe vya juzi vimeoshwa, vimeinamishwa kwenye taulo. Bi Kimya kakaa kwenye kigoda changu, mikono imejikunja kwa maji. Nikacheka. Sikukusudia! Na yeye akacheka kidogo. Halafu hakuna aliyecheka.

Akasema hatarudi tena kwenye kikundi. Niende mimi. Amesema pale ni pangu kuliko pake. Kazi iko pale pale, nisiwe na wasiwasi.

Ningeshukuru. Mtu mwenye akili angeshukuru, angenyamaza, angekamua shuka. Nikasema: "Halafu nani atanibishia?"

"Fundi."

"Fundi anabisha kwa kelele. Wewe unabisha kwa kusoma."

Wewe! Nimemwita wewe. Miaka yote hii ni mama, mama, mama. Lilitoka lenyewe na likakaa pale kati yetu. Hakulikemea.

Akaniuliza kwa nini siku ile ya kwanza nilikubali kuwa hatujuani. Nikamwambia wewe ndiye uliyesema umefurahi kunifahamu, ningekukatalia mbele za watu? Akaangalia mikono yake. Akasema alipoona nimesimama aliogopa. Alijua akinitaja kwa kazi yangu, nitakaa pale siku nzima kama niko kazini, na Jumamosi ya pili sitarudi. Alitaka nirudi. "Na juzi," akasema, "juzi niliona aibu tu. Juzi sina cha kujitetea."

La kwanza sijui kama ni kweli. La juzi ni kweli.

Tukazikamua shuka. Yeye ncha ile, mimi ncha hii, kila mmoja akizungusha upande wake. Hana nguvu, ila hakuachia.

Jumatano, 29 Mei

Hakuna jipya. Kaniamkia yeye kabla yangu. Nimepiga pasi. Lile shati la soksi halitatoka rangi, nimemwambia. Akasema basi litakuwa la kulalia.

Dada anauliza sasa mmekuwa marafiki? Nikamwambia hapana. Akauliza mmekuwa nini? Nikamwambia kaoge ulale.

Ijumaa, 31 Mei

Bwana Vitabu kapiga simu. Paa limekwisha, kesho tukutane palepale. Sauti yake ilikuwa na mashaka, kama mtu anayealika watu kwenye nyumba iliyoungua. Akauliza: utakuja? Nikasema nitakuja. Na mama je? Nikasema muulize mwenyewe, mimi si mjumbe wake.

Lakini nikamwambia Bi Kimya, kabla sijatoka. Kesho, kule kule. Hadithi ni ile ya ndugu wawili na nyumba ya urithi. Akasema kesho ana mambo. Mambo gani? Ninazijua Jumamosi zake, nguo zake ninazo mikononi. Hana mambo.

Alikuwa na ile hadithi mezani, nimeiona, imekunjwa kona ukurasa wa kati. Sikumwambia kuwa nimeiona.

Jumamosi, 1 Juni

Naandika hapa hapa maktaba, hatujaanza kusoma. Nimewahi kufika, sikuweza kukaa nyumbani. Kuna harufu ya rangi.

Dereva kaja, kanisalimia kama hakuna kilichotokea. Kaniambia barabarani aligonga watu wengi zaidi kwa maneno kuliko aliowahi kuwagonga kwa lori, na wote walipona. Mungu ambariki mzee huyu.

Fundi Viatu kaja. Kakaa upande wa pili wa duara. "Habari." "Nzuri." Hivyo tu. Mikono yake ina gundi. Mimi leo sikuvaa gauni la kijani. Nimevaa nguo zangu za siku zote. Bwana Vitabu alipotuomba tujitambulishe upya, maana kuna wageni wawili, nilisema: mimi nafanya kazi za ndani, nafua na kupiga pasi, na napenda hadithi fupi kwa sababu zinaisha kabla usingizi haujanichukua. Wamecheka. Fundi hakucheka, ila aliniangalia.

Sasa hivi — Bi Kimya yuko nje.

Namwona dirishani. Kasimama kwenye ubao wa matangazo. Anasoma. Tangazo lililopo pale ni moja tu, la kuomba radhi kwa paa. Analisoma kama analifanyia mtihani.

Fundi naye kamwona. Kasema, yule mama atabandua ubao kwa macho. Halafu akanigeukia: "Si ukamwite."

Nimemwambia hapana. Nikienda mimi nitaonekana nimezoea kutumwa. Na yeye akiingia nyuma yangu ataonekana kaletwa na mfanyakazi wake. Nenda wewe.

"Mimi simjui," akasema.

Nikamwambia hata mimi.

Kajikuna shingo. Kainuka. Kavuta shati, kajifuta mikono kwenye suruali, kama kwamba gundi inatoka hivyo. Yuko nje sasa. Wamesimama wawili mbele ya tangazo. Anamwambia kitu, anaonyesha juu, paa labda. Bi Kimya kanipa mgongo, sioni kama anacheka au vipi. Anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Fundi haondoki.

Bwana Vitabu anauliza tuanze? Nimemwambia kidogo tu. Mgeni mwingine, mama mwenye mwavuli, kaingia sasa hivi, kashika kiti hiki cha pembeni yangu, ananiuliza kama kina mtu.

Nimeweka mkoba wangu juu yake. Nimemwambia kina.